Kupima ubebaji wa nimokokasi vijijini kabla ya chanjo ya watoto: je, watu wazima nao wapimwe?

Mwenye Rasimu

Ndugu wanajukwaa, salaam, na shikamooni nyote mlionitangulia katika kazi hii.

Nimekabidhiwa kuandika rasimu ya utafiti utakaofanyika katika vijiji ambako chanjo ya nimokokasi kwa watoto wachanga bado haijaanza kutolewa. Lengo lake ni kupima ubebaji, yaani kujua ni watu wangapi wenye afya njema ambao bakteria huyo anaishi nyuma ya pua zao bila kuwadhuru, na ni wa aina zipi. Ninaelewa kwamba nimokokasi ni miongoni mwa visababishi vikuu vya nimonia kali, homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya damu kwa watoto wadogo, na kwamba kabla hajafika mapafuni au kwenye damu huwa ameanza kwa kukaa puani. Hapo sina ubishi.

Ninapokwama ni penye bajeti. Mjumbe mmoja wa kamati yetu, daktari wa watoto ambaye ninamheshimu sana, amesema waziwazi kwamba ugonjwa uko wodini, hauko puani mwa bibi aliyeketi barazani na afya yake tele. Anapendekeza tuhesabu wagonjwa hospitalini kabla na baada ya chanjo, na kama ni lazima kupima pua, basi tupime za watoto walio chini ya miaka mitano peke yao, kwa kuwa wao ndio watakaochanjwa. Hoja yake ina uzito, nami sikuwa na jibu la kumridhisha.

Naomba msaada wenu katika mambo matatu. Je, ubebaji unatuambia jambo ambalo takwimu za wodi haziwezi kutuambia? Kama watu wazima nao wapimwe, wawe wangapi, maana makadirio niliyoyaona yanatofautiana mno? La tatu huenda likaonekana dogo: mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ambaye ni mzima ana bakteria wa nimonia puani, nimweleze nini ili asiondoke na hofu, wala asikimbilie duka la dawa?

Bi Darubini

Marahaba, mwanangu. Nimeshinda maabara ya vimelea kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanzia pale ninapopajua.

Usimhesabu nimokokasi kama kitu kimoja. Bakteria huyu amejivika ganda la polisakaridi, yaani la sukari zilizoungana, na kwa tofauti za ganda hilo zimekwisha kutambuliwa aina, ziitwazo serotaipu, zinazokaribia 100 au kupita. Chanjo hulenga chache tu kati ya hizo. PCV ni chanjo ya nimokokasi, na namba inayofuata ni idadi ya serotaipu zilizomo. PCV10 ya kwanza, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2009, ina serotaipu 1, 4, 5, 6B, 7F, 9V, 14, 18C, 19F na 23F, na PCV13 inaongeza 3, 6A na 19A juu ya hizo. Baadaye ikaja PCV10 nyingine iliyotengenezwa India, ambayo imeacha 4 na 18C ikaweka 6A na 19A mahali pake. Maana yake ni kwamba swali la "watoto wangapi wana nimokokasi" ni nusu tu ya swali, na ukilijibu hilo peke yake utapotoka.

Tazama yaliyotokea Kilifi, Kenya, ambako walianza kupima ubebaji mwaka 2009, miaka miwili kabla ya PCV10 kuanza kutolewa mapema mwaka 2011. Miongoni mwa watoto walio chini ya miaka mitano, waliobeba serotaipu zilizomo kwenye chanjo walikuwa asilimia 34 kabla yake na asilimia 13 baada yake, ilhali waliobeba serotaipu zisizomo waliongezeka kutoka asilimia 41 hadi asilimia 57. Sasa jumlisha mwenyewe: takriban asilimia 75 kabla, takriban asilimia 70 baada. Mtu aliyepima jumla pasipo kutenganisha serotaipu angeandika ripoti kwamba chanjo haikufanya lolote la maana, na ripoti hiyo ingekuwa ya uongo mtupu ingawa kila tarakimu ndani yake ni sahihi. Nafasi iliyoachwa na serotaipu za chanjo huchukuliwa na nyingine, na ndiyo sababu kazi kubwa na ya gharama katika utafiti huu si kuotesha bakteria bali ni kutambua maganda yao.

Kuhusu bibi wa barazani: huko huko Kilifi, watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi, ambao kampeni ya chanjo haikuwahusu, ubebaji wao wa serotaipu za chanjo ulishuka kutoka asilimia 8 hadi asilimia 4. Karibu wote hao hawakuchomwa sindano hata moja. Kilichopungua ni kuambukizwa na watoto, kwa kuwa mtoto aliyechanjwa hushikwa na serotaipu hizo mara chache zaidi, na asiyekuwa nazo hana cha kumpa bibi yake. Hiyo ndiyo kinga ya jamii, na ukipima watoto wa chini ya miaka mitano peke yao hutaiona.

Naongeza jambo moja ambalo rasimu nyingi hulisahau: hifadhi sampuli. Kijiti kikitoka puani kiingie kwenye chupa ndogo yenye STGG, ambayo ni mchanganyiko wa maziwa yaliyoondolewa mafuta, triptoni, glukosi na gliseroli, kikae kwenye kisanduku cha baridi, kifike maabara ndani ya saa 8, kisha kigandishwe katika nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi. Mtoto mmoja aweza kubeba serotaipu mbili au tatu kwa wakati mmoja, na anayechukua koloni moja tu, yaani kundi moja la bakteria lililoota kwenye agari ya damu ya kuoteshea, huipata ile iliyotawala na kuzikosa nyingine. Mbinu za kuzitafuta hizo zilizojificha zinaboreka mwaka hadi mwaka. Mwenye sampuli za kabla ya chanjo ataweza kuzirudia kwa mbinu mpya. Asiyekuwa nazo hawezi kuwarudisha wanakijiji katika hali ya kutochanjwa.

Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi mahali ambapo friji ya baridi kali ilizimika mwisho wa wiki ndefu ya sikukuu, jenereta haikuwaka, na hapakuwa na nakala ya pili mahali pengine. Tulipofungua Jumanne tulikuta chupa zimeyeyuka zote. Zilikuwa sampuli za kabla ya chanjo, na chanjo ilikuwa imekwisha kuanza. Gawanya kila sampuli mara mbili, uziweke katika friji mbili zisizotumia njia moja ya umeme.

Mhesabu Makundi

Naunga mkono aliyosema Bi Darubini, nami nijibu swali la pili, kwa sababu makadirio hutofautiana si kwa kuwa watu hawajui hesabu bali kwa kuwa kila mmoja anahesabu jambo tofauti.

Idadi ya watu unaowahitaji inategemea hali ilivyo sasa na mabadiliko unayotaka kuyaona. Chukua mfano wa watoto wa chini ya miaka mitano. Tuseme ubebaji wa serotaipu za chanjo ni asilimia 35, nawe unataka uhakika wa kuona ukishuka hadi asilimia 17. Kwa nguvu ya asilimia 80, yaani nafasi ya kuyaona mabadiliko kama yapo kweli, na kiwango cha kosa cha asilimia 5 kilichozoeleka, yaani nafasi ya kuyaona yasiyokuwapo, hesabu inatoa watoto wapatao 92 katika kila awamu ya upimaji. Lakini watoto wa kijiji kimoja hufanana, kwa kuwa wanaambukizana wenyewe kwa wenyewe. Ukichukua watoto 20 katika kila kijiji, na mfanano wao wa ndani, ambao 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kabisa, ukawa 0.05, zidisha idadi yako kwa 1.95. Ongeza waliokataa na sampuli zilizoharibika, utafika kama 200. Hiyo ni idadi inayobebeka.

Sasa hamia kwa watu wazima, ambako tuseme serotaipu za chanjo ni asilimia 4 nawe unataka kuona zikishuka hadi asilimia 2. Kupungua ni kwa nusu, karibu sawa na kwa watoto, lakini idadi inaruka hadi watu wapatao 1,140 katika kila awamu, na hapo bado hujazidisha kwa ajili ya mfanano wa vijiji. Bila shaka ni tarakimu hii iliyomshtua daktari wenu, na simlaumu.

Njia ya kati ipo, nayo ni watoto wa miaka 5 hadi 9. Utafiti mwingine wa Kilifi wa kabla ya chanjo, si ule aliotaja Bi Darubini na ndiyo maana tarakimu hazilingani, ulionyesha ubebaji wa nimokokasi wa serotaipu zote ukiwa asilimia 57 kwa watoto wa miaka 0 hadi 4, asilimia 41 kwa wale wa miaka 5 hadi 9, na asilimia 6.4 tu kuanzia miaka 10 kwenda juu. Kundi la katikati halichanjwi programu inapoanza, na bado lina bakteria wengi wa kutosha kupimika. Ikiwa serotaipu za chanjo kwao ni asilimia 20 na unatarajia zishuke hadi asilimia 10, watu 200 kabla ya kuzidisha watakutosha.

Lakini kuna mtego, na nimeona wengi wakiuingia. Miaka mitano baada ya chanjo kuanza, wale waliochanjwa uchangani wanaanza kuingia katika kundi hilo la miaka 5 hadi 9, na kuanzia hapo huwezi tena kusema kwamba upungufu unaouona ni wa watu wasiochanjwa. Kundi hili linakufaa kwa awamu za mwanzo tu. Kwa miaka ya baadaye utawahitaji watu wazima, na pia watoto wachanga wasiotimiza wiki 6, ambao hawajafikia umri wa dozi ya kwanza na kwa hiyo watakuwa daima hawajachanjwa.

Usinakili pia idadi ya utafiti wa bakteria mwingine. Burkina Faso, kabla ya chanjo ya meningokokasi wa kundi A, bakteria mwingine wa homa ya uti wa mgongo, kuanza Desemba 2010, walichukua sampuli zaidi ya 20,000, kwa sababu waliobeba kundi A walikuwa asilimia 0.39 tu. Ni watu 4 katika kila 1,000. Anayesoma utafiti ule na kuuhamishia kwenye nimokokasi atakimbia kazi kabla hajaianza, na anayefanya kinyume chake atarudi na sifuri tupu asijue kama ni sifuri ya kweli.

Daktari wa Zamu

Naomba niseme kwa niaba ya yule mjumbe wa kamati, ingawa simjui, kwa maana naona anahukumiwa bila kusikilizwa.

Ubebaji si ugonjwa. Serotaipu 1 husababisha maradhi mazito, na imewahi kuzusha milipuko ya homa ya uti wa mgongo Afrika Magharibi, lakini ukizunguka kijiji kizima na vijiti vyako unaweza usimpate hata mbebaji mmoja, kwa sababu haikai puani kwa muda mrefu. Serotaipu 5 nayo ina tabia ya namna hiyo. Kinyume chake, ziko serotaipu zinazojaa puani mwa watoto miezi na miezi na zisimlaze hospitalini ila mmoja mmoja. Anayeamua chanjo ipi inunuliwe kwa kutazama orodha ya puani peke yake anaweza kupuuza serotaipu inayoua. Hilo mliweke wazi katika rasimu, msilifiche katika aya ya mwisho ya mapungufu.

Baada ya kusema hivyo, nakiri kwamba wodi nayo ina upofu wake, na huenda mjumbe wenu hajauzingatia. Vipimo vya kuotesha damu huwakosa watoto wengi wenye nimonia ya nimokokasi, kwa kuwa mara nyingi bakteria hayumo kwenye damu hata kama amejaa mapafuni. Wengine wamekwisha kunywa antibayotiki kabla ya kufika. Walio mbali na barabara hawafiki kabisa. Hospitali ikipata daktari mpya, au ada ikiondolewa, idadi ya wanaolazwa hubadilika ghafla pasipo bakteria kubadilika, na ukilinganisha kabla na baada utakuwa unalinganisha hospitali mbili tofauti zenye jina moja.

Jaribio la Gambia lililotoa matokeo yake mwaka 2005 lilifundisha mengi hapa. Chanjo yenye serotaipu 9 ilizuia asilimia 77 ya maambukizi ya damu na ya uti wa mgongo yaliyotokana na serotaipu zake, ilipunguza nimonia inayoonekana kwenye eksirei kwa asilimia 37, na ikapunguza vifo vya sababu zote kwa asilimia 16. Chanjo ni ileile na watoto ni walewale, na bado tarakimu ni tatu tofauti, kwa kuwa kila kipimo kinaona sehemu yake. Ubebaji ni kipimo cha nne. Kilifi yenyewe, mnayoitaja sana, haikuacha wodi ikaenda vijijini. Ilifanya yote mawili, na ndiyo maana wanaweza kusema kwamba ugonjwa mkali wa serotaipu za chanjo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na papo hapo wakaonyesha kwamba hata puani mwa wasiochanjwa zilipungua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama fedha zinatosha kazi moja tu na hospitali yenu tayari inaotesha damu kwa uhakika, imarisheni hapo. Kama hospitali haina maabara ya namna hiyo, na hospitali nyingi za vijijini hazina, basi ubebaji ndicho kipimo pekee cha nimokokasi mtakachoweza kukipata kabla ya sindano ya kwanza.

Mwenye Rasimu

Nawashukuru sana, na hasa wewe Daktari, kwa kuwa umesema yale ambayo mjumbe wetu angeyasema, na umeyasema kwa namna inayoniwezesha kumjibu bila kumbishia. Hospitali iliyo karibu na vijiji vyetu haioteshi damu. Nadhani hilo linaamua sehemu kubwa ya mjadala.

Mhesabu, nina swali la ziada. Ratiba inaturuhusu awamu moja kabla ya chanjo, labda mbili tukibana matumizi. Je, awamu ya pili ina faida gani kama ya kwanza imefanywa vizuri?

Mhesabu Makundi

Faida yake ni kukuonyesha jinsi tarakimu zinavyocheza zenyewe pasipo chanjo. Serotaipu hupanda na kushuka kijijini mwaka hadi mwaka bila sababu tunayoweza kuitaja, na mafua ya msimu huongeza ubebaji kwa watoto. Ukiwa na awamu moja tu, kila tofauti utakayoiona baadaye utaipa chanjo sifa yake, hata ile ambayo ingetokea vyovyote vile. Ukiwa na mbili utajua upana wa mchezo huo. Kilifi walikuwa na awamu mbili kabla ya chanjo, ya 2009 na ya 2010.

Kama itabidi uchague kati ya awamu moja ya watu 1,000 na mbili za watu 500 kila moja, mimi nachagua mbili, zikifanywa miezi ileile ya mwaka. Awamu zote za baada ya chanjo nazo zifuate miezi hiyo, la sivyo utapima majira ukidhani unapima chanjo.

Mtembea Vijiji

Nimeusoma mjadala wote kwa makini, na naona swali la tatu la ndugu yetu limepitwa kama vile halikuulizwa. Mimi ndiye ninayebisha hodi, kwa hiyo nitalijibu.

Kwanza, namna ya kumpata wa kumpima. Usiwapime waliokuja kliniki. Waliokuja kliniki wana kikohozi, wana mafua, au wametoka kunywa dawa, na wote hao ubebaji wao si ule wa kijiji. Pata orodha ya wakazi, chagua majina kwa bahati nasibu ukigawa kwa umri, kisha uende mpaka mlangoni. Ukimkosa, rudi siku nyingine kabla hujamweka jirani mahali pake, kwa kuwa wanaopatikana nyumbani mchana ni watu wa namna fulani: wazee, wagonjwa, na kina mama wenye watoto wachanga.

Pili, maneno. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nikisema "tunatafuta vijidudu vya nimonia," na nyumba ya tatu tu nilikuta mama ameficha watoto. Hakuwa mjinga, aliyesema vibaya ni mimi. Siku hizi naanza kwa kueleza kwamba kila mmoja wetu ana vijidudu vingi mwilini ambavyo huishi naye kwa amani, na kwamba nyuma ya pua mwa watoto wengi wenye afya yupo mmoja ambaye mara chache hutoka mahali pake na kuleta ugonjwa. Namwambia tunataka kujua ni wa aina gani kabla ya chanjo kuja, ili baadaye tujue kama chanjo imewapunguza. Namwambia pia waziwazi, mapema na bila kuulizwa, kwamba mtoto akikutwa naye hatapewa dawa, kwa sababu hana ugonjwa wa kutibiwa, dawa itamwondoa bakteria huyo kwa muda mfupi tu kisha arudi au aje mwingine, na kila dozi isiyo ya lazima huwafundisha bakteria kuizoea dawa. Ukilisema hili kabla ya kuchukua sampuli ni maelezo. Ukilisema baada ya majibu ni kisingizio.

Ikiwa mtoto anapumua kwa kasi, kifua kinabonyea ndani, au hawezi kunyonya, hapo si suala la utafiti tena. Lazima timu iwe na utaratibu wa kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo, na gharama ya usafiri iwemo kwenye bajeti.

Tatu, kijiti chenyewe. Kinaingia ndani kuliko watu wanavyodhani, kinafuata sakafu ya pua hadi kigonge ukuta wa nyuma, kinazungushwa, kinasubiri sekunde chache, kinatoka. Mtoto atalia. Anayekwambia hatalia hajawahi kuifanya. Mwambie mama kwamba atalia na atanyamaza, na kwamba mara mojamoja tone la damu linaweza kuonekana. Katika kaya yenye watu kadhaa waliochaguliwa, mimi huanza na mtu mzima mbele ya wote, na akiwapo babu akakubali kuwa wa kwanza, kazi ya nyumba hiyo imekwisha nusu. Ridhaa ya mzazi haiondoi haki ya mtoto mkubwa kuulizwa. Wa miaka tisa ana akili ya kukataa, na akikataa amekataa.

Mwisho, ukiwa hapo mlangoni uliza yale ambayo maabara haiwezi kukuambia: watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wanaishi humo, wangapi hulala chumba kimoja, kuni zinapikiwa ndani au nje, nani ana mafua leo, na nani amekunywa antibayotiki katika wiki mbili zilizopita. Hili la dawa waulize kwa kuwaomba wakuonyeshe pakiti, maana wengi huijua dawa kwa rangi ya kidonge.

Bi Darubini

Mtembea Vijiji amenikumbusha jambo la vitendo. Kwa watoto, kijiti cha puani kinatosha. Kwa watu wazima, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri kuchukua nyuma ya pua na kooni pia, kwa kuwa pua peke yake huwakosa baadhi ya wabebaji. Amueni sasa, kabla ya awamu ya kwanza, kisha msibadilishe. Timu ikipima pua peke yake mwaka wa kwanza halafu ikaongeza koo mwaka wa tatu, itagundua ongezeko la wabebaji ambalo imelitengeneza yenyewe.

Vivyo hivyo kwa maabara: aina ya kijiti, agari yenye jentamisini ya kuzuia bakteria wengine, vipimo vya kumtambua nimokokasi, yaani cha optokini na cha kuyeyuka katika nyongo, idadi ya koloni mnazochukua, vyote vibaki vilevile. Mkitaka kutumia mbinu mpya baadaye, itumieni sambamba na ya zamani juu ya sampuli zilezile.

Mwenye Rasimu

Nimeandika upya sehemu ya mbinu tangu jana usiku, na nawawekea hapa nilikofikia ili mnikosoe.

Tutafanya awamu mbili za kabla ya chanjo, miezi ileile, kila moja ikiwa na watu walioteuliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya wakazi katika makundi manne: wachanga wasiotimiza wiki 6, watoto wengine wa chini ya miaka 5, watoto wa miaka 5 hadi 9, na wenye umri wa miaka 10 na zaidi. Kundi la watoto wa chini ya miaka 5 na lile la miaka 5 hadi 9 yatakuwa na ukubwa unaotosha kupima mabadiliko. Wachanga hawatakuwa wengi, kwa kuwa kijijini hawapatikani wengi kwa wakati mmoja, na la mwisho litakuwa dogo kuliko inavyotakiwa. Nimeandika wazi kwamba makundi hayo mawili hayatatosha kuthibitisha kupungua kwa nusu, bali yatatuonyesha serotaipu zilizopo na kutuachia sampuli za kurudia. Hoja ya serotaipu 1 na 5 nimeiweka katika ukurasa wa kwanza, kama Daktari alivyoshauri. Mjumbe wetu ameisoma asubuhi hii. Hakusifu, lakini ameuliza friji ya pili itawekwa wapi, nami nimelichukua hilo kama kibali.

Swali langu la mwisho ni kwa Bi Darubini: sampuli za awamu ya kwanza nizioteshe mara moja, au nizigandishe nisubiri za awamu ya pili ili zisomwe pamoja na mtu mmoja?

Bi Darubini

Otesha za kwanza mara moja, mwanangu, kwa kuwa kama kijiti kimekosewa au STGG imeharibika ni heri ulijue kabla ya awamu ya pili kuliko baada yake. Nakala ya pili ya kila sampuli usiiguse. Awamu ya pili ikikamilika, chukua sehemu ndogo ya zile za kwanza zilizogandishwa, zichanganye na mpya bila msomaji kujua ipi ni ipi, uone kama anasoma vilevile. Na kila chupa inapotolewa kwenye friji ikayeyushwa, andika tarehe kwenye daftari, kwa kuwa kila kuyeyuka huua baadhi ya bakteria, na miaka kumi baadaye atakayeifungua chupa hiyo atataka kujua imeyeyushwa mara ngapi.